Katika Ua Wetu: Wageni wa Kaskazi na Walinzi wa Minazi



Mwezi uliopita tulipokea barua ya mwalimu mmoja, naye afundisha hapa hapa mjini Dar es Salaam. Asema kwamba amewasomea wanafunzi wake habari zetu za ndege wa mashambani na wadudu wa porini, nao wakapendezwa, lakini aliponyamaza, mtoto mmoja alisimama akauliza, "Mwalimu, na sisi wa mjini tutazame nini?" Mwalimu hakuwa na jibu. Atuambia kwamba mtaani kwake hakuna ila kunguru, mbu na mende, na kwamba joto la miezi hii ya kaskazi limewachosha hata hao.

Barua hiyo ilituchekesha, tena ilituchoma kidogo, maana twakumbuka wakati ambapo sisi wenyewe tungaliandika maneno hayo hayo. Tumekaa Magomeni miaka mingi, si mbali na bonde la Msimbazi, katika nyumba ya bati yenye ua mdogo na minazi mitatu; na kwa muda mrefu tulipita katika ua ule kama mtu apitaye sokoni hana fedha, asitazame kitu. Jinsi tulivyofumbuliwa macho ni habari ya aibu kwetu, nasi tutaieleza. Lakini kwanza tumjibu mtoto aliyeuliza.

Mwenye kutaka kutazama wakati wa kaskazi asingoje jua lipande. Tangu Desemba hata Machi, ifikapo saa nne ya asubuhi kila kiumbe chenye akili kimekwisha tafuta kivuli, isipokuwa sisi watu wa mjini. Basi atoke saa kumi na mbili, na kikombe chake cha chai akipenda, akae barazani kimya muda wa robo saa. Jioni tena afanye vivyo, tangu saa kumi na moja na nusu hata jua lichwe. Darubini si lazima. Sisi hatuna.

Ainue macho kwanza penye nyaya za umeme. Hapo atawaona mbayuwayu wamejipanga kama nguo ndogo kambani: mgongo mweusi wenye kung'aa kibuluu, koo jekundu la kahawia, tumbo jeupe, mkia wenye panda mbili. Hao si wenyeji. Walianguliwa Ulaya na Asia, katika mabanda ya ng'ombe na chini ya mapaa ya watu, wakaja kwetu Septemba na Oktoba; hata Machi na Aprili watarudi kwao. Muda wote wakaao kwetu hawajengi kiota, wala hawatagi yai hata moja. Mtu akikuonyesha kiota cha udongo chini ya dari ya baraza yake, chenye mlango mwembamba kama shingo ya chupa, jua kwamba hicho ni cha mbayuwayu wa hapa hapa, wenye michirizi kifuani.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua wageni hao huenda wapi siku za baridi. Wako waliosadiki kwamba hulala matopeni, chini ya maji ya maziwa. Hata mwaka 1911, huko Staffordshire katika Uingereza, wakili mmoja alimfunga mbayuwayu pete ndogo mguuni, yenye namba, akamwachilia. Na mwezi wa Desemba 1912 ndege yule yule alipatikana katika shamba moja la Natal, Afrika ya Kusini. Uzito wa mbayuwayu ni gramu 20 hivi, yaani kama vijiko vitano vidogo vya sukari. Tulipowaeleza watoto wetu habari hii, mdogo wao alikwenda jikoni akapima sukari kiganjani, akatoka nje kuwatazama tena wale waliokaa kwenye waya. Sukari hatukuiona tena.

Sasa ashushe macho kidogo, kimo cha paa. Baada ya mvua za vuli, na hasa mwezi wa Novemba na Desemba, huja kereng'ende wengi wa rangi ya manjano, warukao bila kutua juu ya viwanja vya mpira na penye madimbwi ya barabara. Wengi wetu tuliwakimbiza utotoni tukawafunga uzi. Hatukujua tulikuwa tukimfunga nani. Mwaka 2009 mtaalamu wa viumbe aitwaye Charles Anderson, aliyekaa visiwa vya Maldives miaka mingi, alichapisha uchunguzi wake. Aliona kwamba kila mwaka, ifikapo Oktoba, kereng'ende hao hujaa ghafula katika visiwa vile, ambavyo karibu havina maji baridi ya juu ya ardhi ya kuwalelea watoto wao. Wametoka wapi? Alitoa hoja kwamba wametoka Bara Hindi, wamepanda juu sana angani penye upepo wa kaskazi, nao waendelea hivyo mpaka pwani yetu ya Afrika. Na uzao wao hurudi upepo ukigeuka kuwa kusi. Ni upepo ule ule uliowaleta mababu wa manahodha na majahazi yao. Jahazi lilikuwa na tanga, dira na mapipa ya maji. Mdudu huyu ana mabawa manne tu, mtu aweza kuyatoboa kwa kidole.

Afikapo kwetu hutaga katika madimbwi ya mvua, na watoto wake hukaa majini wiki sita hivi wakiwala viluwiluwi vya mbu. Kwa hiyo yule mwalimu aliyetuandikia juu ya mbu, kama alimfukuza kereng'ende dirishani, amefukuza rafiki.

Nyuma ya kereng'ende huja walaji. Mmoja wao ni kozi mdogo atokaye Siberia na Uchina ya kaskazini, naye huvuka bahari wakati huo huo akielekea kusini mwa Afrika. Humwona mtu penye mawingu ya mvua, makundi yakizunguka juu ya kumbikumbi warukao. Safari yake ina kituo huko Nagaland, upande wa mashariki wa nchi ya India. Mwaka 2012 ulimwengu ulipata habari kwamba kozi hao walikuwa wakinaswa huko kwa nyavu maelfu kwa maelfu, wakiuzwa kama kitoweo. Wanakijiji wale, ambao wengi ni Wakristo kama sisi, waliona uchungu walipoelezwa ndege wale ni nani na waenda wapi. Baraza lao likapiga marufuku, na mwaka 2013 hakunaswa ndege. Mwaka huo huo kozi watatu walifungwa vyombo vidogo vya kupeleka habari, watu wakaona kwa macho jinsi walivyovuka bahari mpaka Afrika bila kupumzika. Twapenda habari hii kuliko nyingine nyingi, maana watu wale hawakuwa wabaya, walikuwa hawajaambiwa.

Hao ndio wageni. Tukija kwa wenyeji, mwalimu wetu alimtaja kunguru peke yake, nasi hatutamtetea sana. Yafaa tu ajue kwamba kuna kunguru wawili. Mmoja ni mkubwa, kifua chake cheupe na shingo nyeupe kama amevaa shuka. Huyo ni wa Afrika tangu asili, na mjini amekuwa haba. Wa pili ni mdogo kidogo, shingo ya kijivu, kelele nyingi. Naye aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka za mji. Takataka hakuzimaliza. Badala yake amekula mayai na makinda ya ndege wengine pwani nzima. Lakini tumeona jambo hili kwa macho yetu: mtaa uzoao taka zake una kunguru wachache, na mtaa wenye jalala wazi unao mamia. Kwa hiyo mwenye kumlaani kunguru na atazame kwanza alikotupa mifupa ya samaki jana.

Chozi hatutamweleza leo, ila tuseme kwamba penye mti mmoja tu wa maua mekundu ukutani, yeye hakosi kuja, na mdomo wake uliopinda kama sindano kuukuu. Kumbikumbi nao kila mtu awajua, wengine hata kwa ladha yao.

Bali juu ya mnana lazima tukae kidogo, kwa sababu yeye ndiye aliyetuinua macho.

Mvua za vuli zikianza, mnana dume, ambaye wakati huo rangi yake ni njano kama ndimu iliyoiva, huja katika minazi yetu. Hushika ukingo wa ukuti kwa mdomo, akauchana uzi mrefu, akaruka nao. Kwanza hufunga pete penye ncha ya ukuti mwingine unaoning'inia. Kisha akisimama ndani ya pete ile hufuma chumba mbele yake, na mwisho mlango wa chini. Kazi hiyo yote ni ya dume. Jike huja baadaye, kama mke aletwaye kuona nyumba, huingia, huvuta nyuzi hapa na pale, na asipopendezwa huenda zake. Tumemwona dume aliyekataliwa mara mbili akikibomoa kiota chake mwenyewe, uzi kwa uzi, akaanza kingine mahali pale pale. Mke wetu alisema, "Laiti mafundi wa Magomeni wangekuwa hivyo."

Na katika makuti makavu yaliyolala dhidi ya shina hukaa ndege mwingine, mwembamba, wa kijivu, ambaye mtu humdhania mbayuwayu. Huyo hugundisha manyoya kwa mate yake nyuma ya ukuti, na mayai nayo huyagundisha kwa mate ili upepo usiyaangushe, akayaatamia amejishika wima kama popo. Kwa hiyo mwenye kukata makuti yote makavu kila mwezi ili ua uwe safi, amekata na nyumba ya mtu.

Basi tulikuwa tukimtazama mnana dume, shingo zetu zimeinuka, ndipo tulipoona kitu tulichokuwa hatujakiona. Minazi yetu haikuwa na nazi. Vidaka vilikuwako, vitale vichache sana, dafu hapana. Na hapa twafika penye aibu tuliyoahidi.

Miaka minne iliyopita minazi ile mitatu ilijaa maji ya moto. Kila msomaji wa pwani awajua siafu hao wekundu wa miembeni, na jina lao lajieleza: hung'ata, kisha hutia uchungu wao penye jeraha, mtu akaungua kama amemwagiwa maji ya chunguni. Kamba yetu ya kuanikia nguo ilikuwa imefungwa katika mnazi, nao wakaifanya barabara. Watoto waliumwa, mashuka yaliingia ndani na jeshi zima, na siku moja mgeni wa heshima aliruka kitini mwetu mbele ya watu. Tukakasirika. Tulichukua mwenge na mafuta ya taa, tukachoma viota vyote vilivyofikika, na vile vya juu tulimlipa kijana avikate. Baada ya siku tatu ua ulikuwa kimya. Tulijisifu.

Mwaka uliofuata vidaka vikaanza kuanguka. Asubuhi twavikuta chini kumi, siku nyingine kumi na watano, vidogo kama yai la njiwa. Tulisema ni jua. Tukamwagilia maji. Vikazidi kuanguka. Tulisema ni uzee wa minazi, ingawa mnazi wa jirani wa umri ule ule ulikuwa umejaa. Hata asubuhi moja, kati ya vidaka vilivyoanguka, tuliokota jiwe la mviringo, na hapo moyo wetu ukapata mwizi.

Jirani yetu wa nyuma ya ukuta ni mama mjane, auzaye maandazi, naye ana mtoto mmoja wa kiume, wakati ule wa miaka kumi na miwili. Mtoto huyo alikuwa na manati. Alikuja kwetu jioni kusoma hesabu pamoja na watoto wengine, kwa maana twawasaidia watoto wa mtaa wote. Tulikwenda na lile jiwe mkononi mpaka barazani kwa mama yake, watu wakiwa wamekaa wanunua maandazi, tukasema kwamba mtoto wake aharibu mali zetu, na kwamba aanzaye na nazi huishia na vikubwa.

Mama alilitazama jiwe. Akasema, "Mwalimu, mwanangu hupiga ndege kwa manati, sikatai, nami nimemkanya. Nazi zako hajazigusa."

Tulijibu neno ambalo hatutaliandika hapa. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni, alisikia yote. Jioni ile hakuja kusoma, wala kesho yake, wala mwezi uliofuata. Mama yake alitupita njiani kwa salamu moja tu, ile ya lazima. Muda wa miezi minane ilikuwa hivyo, na vidaka viliendelea kuanguka, ingawa manati tulikwisha sikia kwamba mama aliitia motoni. Jambo hilo peke yake lingalitosha kutufundisha. Halikutufundisha.

Ndipo tulipomwita mzee mmoja mkwezi, mzaliwa wa Mafia, ambaye amekwea minazi tangu hajaota ndevu. Tulimwomba apande aone kama kilele kina ugonjwa. Hakupanda. Alichutama chini ya mnazi, akaokota kidaka, akakigeuza geuza.

"Shikamoo, mzee," tulisema, maana alikuwa ameingia kazini kabla hatujamwamkia vema.

"Marahaba, Mwalimu. Hawa maji ya moto waliokuwa hapa umewapeleka wapi?"

"Tuliwachoma, mzee. Waliwauma watoto."

Akatuonyesha kidaka. Penye ngozi yake palikuwa na madoa meusi yaliyobonyea, na juu ya doa moja utomvu umeganda kama chozi. "Hili waliona ni jiwe?" aliuliza, kwa kuwa mtaa mzima ulikwisha sikia kisa chetu. "Jiwe huponda. Hapa pamefyonzwa. Kuna mdudu, kama kunguni mrefu, hukaa juu huko akanyonya kidaka kingali kichanga, nacho huanguka. Maji ya moto humla. Wewe umewachoma walinzi, kisha wamtafuta mwizi nyumba ya jirani."

Hatukuwa na la kusema. Baadaye tulitafuta vitabuni tukaona kwamba mzee alisema kweli tupu. Katika miaka ya 1950 mtaalamu Mwingereza, M. J. Way, alichapisha uchunguzi alioufanya Unguja juu ya maji ya moto, na kunguni yule wa minazi amepewa jina lake katika lugha ya wataalamu. Penye maji ya moto wengi kunguni hupungua, na nazi hukaa mtini mpaka ziive. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, nao wamewachunguza hao hao juu ya mikorosho, ambayo ina kunguni zake. Na Wachina, tangu zaidi ya miaka elfu moja, waliuziana sokoni viota vya ndugu za siafu hawa kwa ajili ya kulinda michungwa yao, wakawatandikia vijiti vya mwanzi wavuke toka mti hata mti.

Tuliona pia jinsi wajengavyo, jambo ambalo hapo kwanza tulikuwa tumelichoma bila kulitazama. Wengi hujipanga ukingoni mwa jani, wakashikana kiuno kwa kiuno kama watu wavutao jarife, wakalivuta jani karibu na jani la pili. Wakati wameshika, wengine huleta watoto wao, mabuu meupe, wamewabeba midomoni. Na mtoto akiguswa hutoa uzi wa hariri, naye mkubwa humpeleka huku na huko kama mshonaji apelekavyo chombo chake. Mabuu hayo huitoa hariri yao yote kwa kiota, wala hayajifumii vifuko vyao wenyewe. Haki yao nyingine tusiifiche: huwafuga vidudu wanyonyao utomvu kwa ajili ya maji yao matamu, na hilo si faida kwa mti. Mlinzi mwenye mifugo yake shambani mwako, basi.

Kujua ni kitu kimoja, kutengeneza ni kingine. Kwanza tulinunua kiota kwa kijana wa bondeni, tukakileta katika gunia kabla ya alfajiri, tukakifunga juu ya mnazi. Siku ya pili wadogo wa kahawia wakaao ardhini, wenye vichwa vikubwa, walipanda kwa maelfu wakapigana nao, na siku ya nne hapakuwa na mmoja. Mzee mkwezi alicheka sana. Alisema kwamba katika kiota tulichonunua bila shaka hakuna mama yao, na jeshi lisilo na mama halishiki nchi. "Waje wenyewe kwa miguu yao kutoka mji wao," alisema. "Mwembe ule umejaa."

Akanyosha kidole. Mwembe wenyewe ulikuwa nyuma ya ukuta, katika ua wa mama auzaye maandazi.

Wasomaji wetu watatuwia radhi tukisema kwamba tulilala usiku mbili na neno lile. Kuomba radhi kwa moyo mweupe ni kitu kimoja. Kuomba radhi hali una haja ni kitu kingine, na mama yule angeweza kuona kwamba twataka siafu zake, si msamaha wake. Mke wetu ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Nenda leo kwa ajili ya mtoto. Habari ya mwembe usiitaje mpaka mwezi mwandamo."

Tukaenda wakati wa maandazi, watu wakiwako, kama walivyokuwako siku ile. Tulisema kwamba tulimsingizia mtoto, kwamba mdudu ndiye aliyeangusha vidaka, na kwamba mdudu alikuja kwa kosa la mikono yetu. Mama hakuacha kugeuza maandazi. Alisema, "Mwalimu, nimesikia. Lakini si mimi uliyeniita mwizi." Akamwita mtoto atoke. Alikuwa amekua, karibu amefika begani kwetu. Tulimwambia maneno yale yale. Alitazama chini, akasema, "Haya, Mwalimu," akarudi ndani. Hatukujua kama tumesamehewa, wala siku ile hatukuuliza.

Mwezi ulipoandama tulimweleza mama habari ya mwembe. Alicheka kwa mara ya kwanza. Alisema anao wengi mno, tuwachukue na wale wamwumao yeye. Kamba ya katani ilitolewa, na aliyepanda mwembeni kuifunga alikuwa mtoto yule, mikono yake imepakwa majivu mpaka kwapani kama mzee alivyomwelekeza. Sisi tulishika ncha ya pili upande wetu, tukaikaza katika mnazi ulio karibu na ukuta, kisha kamba nyingine kutoka mnazi huo hata ya pili na ya tatu. Kamba ya nguo tulikwisha ihamishia penye nguzo za chuma, mbali na mti wowote. Shina la kila mnazi tulilizungushia majivu chini ili wale wa ardhini wasipande upesi.

Siku mbili hakuvuka mtu. Siku ya tatu, asubuhi, mtoto alitupigia mluzi juu ya ukuta: mmoja alikuwa katikati ya kamba, amesimama, akipapasa hewa kwa pembe zake. Akarudi. Jioni walikuwa wanane. Baada ya wiki mbili kamba yote ilikuwa nyekundu, na kabla ya mwezi kwisha kiota cha kwanza kilishonwa katika makuti yetu, si mbali na kiota cha mnana. Tulidhani watamfukuza mnana. Hawakumfukuza, alining'inia katika ncha yake, nao wakapita njia yao.

Hiyo ni kaskazi ya mwaka juzi. Nazi haziji kwa siku moja. Tangu upunga kufunguka hata nazi kukomaa ni mwaka mzima. Mwaka jana tulihesabu dafu kumi na nne katika mnazi wa ukutani. Mwaka huu mzee mkwezi amepanda mwenyewe, akashuka amevimba shingo, akasema hatahesabu tena, tuhesabu sisi. Fungu moja katika kila matatu hulipeleka mtoto nyumbani kwao, na mama hutia tui katika maandazi yake. Hesabu ameanza tena kuja kusoma, ingawa sasa ajua nyingine tusizozijua.

Jana alfajiri, tulipokuwa tumekaa barazani na chai kuwatazama mbayuwayu, upepo ulivuma kwa nguvu kidogo, tukasikia sauti ya mama nyuma ya ukuta: "Mwalimu! Kamba imelegea yagusa bati langu. Njooni muikaze kabla walinzi wenu hawajaingia jikoni kwangu."

Tuliweka kikombe chini tukatafuta ngazi.